Alipona Lassa, kisha mama yake akaja kumponya huzuni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, moto chini ya kikaango cha kwanza umeshakolea. Ejemen Okosun ameketi kwenye kigoda, ubavu wake umeelekea motoni, na mkononi ana kipande cha kibuyu. Anageuza muhogo uliokunwa ili uwe garri, chenga kavu za chakula. Anaukandamiza, anausambaza, anaugeuza tena. Mvuke unapanda na harufu inabadilika polepole: kwanza uchachu, kisha kitu kama mkate unaotoka tanuruni.

"Ukisubiri macho yakwambie imeiva, umeshaiunguza," anasema bila kuinua kichwa. "Garri unaisikia mkononi. Chenga zikianza kukimbia zenyewe chini ya kibuyu, hapo toa."

Banda hili liko Idumuebo, kitongoji kilicho nje kidogo ya Ekpoma, katika jimbo la Edo, Nigeria. Wanawake kumi na mmoja wanafanya kazi hapa. Wawili wanakuna muhogo kwa mashine, mmoja anakaza jeki ya gari juu ya magunia ili maji yakamuke, wengine wanachekecha na kukaanga. Kwenye kona, juu ya gunia lililokunjwa, bibi wa miaka 71 anamenya muhogo kwa kisu kifupi na kuwasimanga wote wanaomzunguka.

"Wewe binti, hilo ni ganda au ni mguu wa muhogo? Mumeo akiona unavyomenya atakurudisha kwenu."

"Hajanioa bado, Bibi."

"Ndiyo maana."

Bibi huyo ni Bi. Omozele, mama mzazi wa Ejemen. Wanawake wanacheka. Ejemen hacheki, kwa sababu hajasikia. Sikio lake la kushoto halisikii kabisa, na la kulia linasikia nusu. Mwenzake anamgusa bega, anamrudia maneno yale karibu na sikio la kulia, na sasa Ejemen naye anacheka, amechelewa kidogo kuliko wengine, lakini kwa sauti kubwa kuwashinda wote.

Miaka mitatu iliyopita, hakuna aliyedhani atamwona Ejemen akicheka tena. Wala hakuna aliyekuwa tayari kula kitu kilichopita mikononi mwake.

Ilianza Februari, katikati ya msimu wa vumbi, wakati panya wanakimbia mashamba yaliyochomwa na kuingia majumbani. Ejemen, ambaye sasa ana miaka 41, alikuwa akikaanga garri kwa miaka kumi na sita. Alipata homa akadhani ni malaria. Alimeza dawa za malaria. Siku ya nne koo lilivimba hata mate yakawa hayapiti.

Mume wake, Eromosele, ni dereva wa bodaboda, na asingeweza kukaa nyumbani kutwa nzima. Akampigia simu shemeji yake.

Ofure alikuwa mdogo wake Ejemen, wa tumbo moja, mwenye miaka 27. Alikuwa fundi cherehani mjini Uromi. Alifunga duka lake mchana huohuo akaja na mfuko mmoja wa nguo. Kwa siku nne alimuuguza dada yake: alimwosha, alimlisha uji kwa kijiko, alifuta matapishi kwa mikono mitupu. Hakuna aliyemwambia avae glavu, maana hakuna aliyejua.

"Alikuwa ananitania," Ejemen anakumbuka. "Uso wangu ulikuwa umevimba. Akaniambia, 'Dada, leo umenenepa, lile gauni nililokushonea halitakutosha, itabidi uniongezee pesa ya kitambaa.' Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kwake. Niliyasikia kwa masikio yote mawili."

Siku ya tano tangu Ofure afike, Ejemen alianza kutoka damu kwenye fizi. Eromosele alimfunga mgongoni kwa kanga kama mtoto, akampakia kwenye pikipiki, akaenda naye hospitali. Vipimo vilionyesha homa ya Lassa, ugonjwa wa virusi unaoletwa na panya na kuambukizwa kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa. Alilazwa katika wodi ya kutengwa kwa siku kumi na tisa, dawa zikiingia kwenye mshipa usiku na mchana.

Siku ya tisa ya kulazwa kwake, Ofure aliletwa katika wodi hiyohiyo. Alilazwa chumba cha tatu kutoka kwa dada yake. Ejemen hakujua. Wiki hiyo fahamu zilikuwa zinakuja na kupotea, na kichwani mwake kulikuwa na mlio kama wa mashine ya kukuna muhogo usiozimika. Mlio ule ulipokoma, uliondoka na sikio la kushoto.

Ofure alifariki siku sita baada ya kuletwa.

Alizikwa na wahudumu wa afya waliovaa mavazi ya kujikinga. Bi. Omozele alitazama kwa mbali. Hakuruhusiwa kumwosha binti yake wala kumfunika.

Ejemen aliporuhusiwa kutoka, familia ilikuwa imeshakaa kikao. Ilikuwa imekubaliana juu ya jambo moja, na Eromosele anakiri kwamba wazo lilikuwa lake.

"Nilisema, huyu mwanamke amekonda kama ufito. Tukimwambia, tunazika wawili," anasimulia, akiwa ameketi juu ya pikipiki yake nje ya banda. "Basi tukakubaliana. Akiuliza Ofure yuko wapi, tutasema amepata kazi ya ushonaji Lagos, ameondoka haraka."

Ejemen aliuliza siku ya kwanza. Akaambiwa Lagos. Akauliza mbona hapigi simu. Akaambiwa simu yake iliibwa. Akauliza kwa nini mama yao haji kumwona. Akaambiwa mama anasumbuliwa na miguu.

"Nilijua kuna kitu," anasema. "Nikiingia sebuleni wananyamaza. Na mimi sikio langu ni hili, sikujua kama wamenyamaza au ni mimi ndiye nisiyesikia. Kiziwi mpya ana shida hiyo. Anadhani dunia yote inamficha siri."

Kwa wiki sita uongo ule ulisimama. Siku ya soko la wiki ya saba, Ejemen alijiona ana nguvu za kutosha. Alikaanga debe mbili za garri, akajitwika, akaenda kukaa mahali pake pa siku zote.

Wanunuzi walipita mbele yake kama maji yanavyopita jiwe. Wateja wa miaka kumi walimsalimia wakiwa wameziba midomo kwa ncha za vitambaa. Bi. Iyobosa, mfanyabiashara kutoka mji wa Benin, makao makuu ya jimbo, aliyekuwa akinunua kwake magunia manne kila wiki, alisimama hatua tano kutoka kwake.

"Mwaka huu nimebadilisha utaratibu kidogo, mpenzi wangu," alisema. "Pumzika kwanza."

Meza ya pili kutoka hapo, muuza samaki wakavu alikuwa anazungumza na mwenzake. Alizungumza kwa sauti ya juu, kama watu wanavyofanya mbele ya mtu wanayedhani ni kiziwi kabisa.

"Tazama moyo wa mtu. Amemuua mdogo wake kwa ugonjwa wake, kaburi halijaota hata nyasi, na sasa amekuja kutuuzia sisi."

Maneno hayo yaliingia kwenye sikio la kulia.

Ejemen aliinuka, akaacha garri yake palepale, akatembea kilomita tatu kwa miguu hadi nyumbani. Mumewe alipofika alimkuta amesimama uani.

"Ofure yuko wapi?" alimuuliza.

Eromosele alifungua mdomo aseme Lagos. Akaangalia uso wa mkewe, akashindwa.

Kilichofuata, Eromosele anakiita "ule wakati." Hana jina jingine.

Ejemen aliingia chumbani, akalala akiwa ameelekea ukuta. Hakulia. Alikuwa akiamka kwa jambo moja tu, kunawa mikono. Alinawa hadi ngozi ikapasuka kati ya vidole. Hakuwagusa watoto wake wawili. Binti yake Izehi, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili, akimletea chakula, alimwambia akiweke sakafuni na aondoke. Sahani yake, kikombe chake, kijiko chake, vyote alivitenga mwenyewe, ingawa daktari alikuwa ameshampa cheti kwamba amepona.

Usingizi ulimkimbia. Alikuwa akisinzia na kushtuka akidhani ananusa dawa ya wodini. Kilo zake, zilizokuwa zimeanza kurudi, zikashuka tena.

"Watu waliniambia nijikaze," anasema Ejemen. "Mchungaji alikuja akasema nimshukuru Mungu kwa kunibakiza. Nilitaka kumuuliza, Mungu alipokuwa anachagua, kwa nini asimchague mwenye masikio mazima? Nilikuwa nimechoka kuwepo. Sio kwamba nilitaka kufanya kitu. Nilitaka tu nisiwepo, kama taa inavyozimwa."

Eromosele aliogopa. Siku aliyomkuta mkewe amegawa nguo zake zote kwenye mafungu, hili la Izehi, hili la jirani, hakwenda kazini. Alipanda pikipiki hadi hospitali na kusimama mlangoni kwa wauguzi wa wodi ileile.

"Niliwaambia, mmeniponyea mwili, lakini mtu mwenyewe hajarudi nyumbani," anasema.

Muuguzi wa afya ya akili, Bi. Akhabue, alifika Idumuebo kesho yake. Tangu siku hiyo alikuja kila wiki kwa miezi minne. Daktari alimwandikia Ejemen dawa, ambazo alizimeza kwa miezi minane. "Huu nao ni ugonjwa, na una tiba," Bi. Akhabue aliiambia familia. Lakini maneno yake makali aliyaweka kwa ajili ya mume.

"Mlifunika kidonda kikiwa na usaha," alimwambia Eromosele. "Mkadhani kimepona kwa sababu hamkioni."

"Nilikuwa namkinga."

"Najua. Sasa acha kumkinga, kaa naye. Na mleteni mama yake."

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Miguu ya Bi. Omozele haikuwa na tatizo lolote.

Ukimuuliza leo kwa nini hakuja kumwona binti yake kwa zaidi ya miezi mitatu, Bi. Omozele anaweka kisu chini kwanza. Anafuta mikono kwenye kitenge. Kisha anasema jambo ambalo wazazi wachache wangekubali liandikwe gazetini.

"Niliogopa nikimwona nitamchukia."

Anaokota tena kisu.

"Nilikuwa na mabinti wawili. Mmoja alikwenda kumuuguza mwenzake, akarudi mwingine. Nilijua si kosa lake. Kichwa kilijua. Lakini moyo wa mama hauna shule. Mara mbili nilitoka kwangu nikafika njia panda, nikarudi. Mara ya tatu huyu mkwe wangu akaja na pikipiki. Nikamwambia naumwa. Akasema, 'Mama, sitaondoka. Nitalala hapa mlangoni kwako hadi upone.' Na kweli akatandika koti lake."

"Ulimhurumia?"

"Nilimhurumia nini? Alikuwa anakoroma mchana kweupe mbele ya majirani. Nikapanda pikipiki."

Bi. Omozele alifika saa nane mchana. Alimkuta Ejemen ameelekea ukuta kama kawaida. Hakusalimia. Alivua viatu.

"Sogea," alisema.

Ejemen hakusogea. Mama akapanda kitandani vivyo hivyo, akalala nyuma ya binti yake kwenye nafasi isiyomtosha hata mtoto, akamwekea mkono juu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Ejemen kuguswa na mtu asiyevaa glavu, au asiyelazimika, tangu alazwe.

Mama alianza kuzungumza. Alizungumza habari za Ofure. Alisema jinsi alivyozaliwa miguu mbele na kumfanya mkunga atukane. Alisema jinsi alivyoiba sukari na kumsingizia mbuzi. Alisema jinsi alivyoonekana siku ya mwisho kupitia dirisha la wodi, na jinsi alivyoashiria kwa kidole kuelekea chumba cha tatu, akiuliza, Dada anaendeleaje? Alisema yote, polepole, karibu kabisa na sikio la binti yake, kwa muda mrefu, huku machozi yakimtoka.

Kisha Ejemen akafungua kinywa, bado ameelekea ukuta. Zilikuwa siku tisa tangu aseme neno.

"Mama," alisema, "hilo sikio limekufa. Sijasikia kitu."

Bi. Omozele anasimulia sehemu hii huku akipiga goti. "Nimelia saa nzima kwenye ukuta. Nikamwambia, basi geuka, nianze upya. Na usinikatize."

Akageuka. Mama akaanza upya, tangu mkunga na miguu ile. Walipofika kwenye mbuzi na sukari, Ejemen alianza kulia. Alilia hadi jioni, na mama yake akalia naye, na Eromosele mlangoni hakujua kama aingie au ashukuru.

Haikuwa dawa ya siku moja. Familia inalisisitiza jambo hilo. Bi. Omozele hakurudi kwake tena. Alihamia kwenye chumba cha watoto, na kuanzia hapo nyumba ikawa na kanuni mpya. Hakuna kusema jikaze. Hakuna kumficha kitu, hata kama ni kibaya. Na kila siku Ejemen atapewa kazi moja ndogo, ambayo mtu mwingine ataihitaji.

Kazi ya kwanza ilikuwa kumenya muhogo mmoja. Mmoja tu, kwa ajili ya chakula cha mchana. Ilimchukua saa nzima.

Jumamosi zilikuwa za Izehi. Bi. Akhabue alimfundisha binti huyo kwamba mama yake hapaswi kulazimishwa kugusa, lakini anaweza kuombwa aguswe.

"Nilimuuliza kama naweza kumsuka," anasema Izehi, sasa wa miaka kumi na tano. "Akasema nitaambukizwa. Nikamwambia, cheti chako kimebandikwa ukutani, unataka nikusomee? Nikamsomea. Kisha nikachukua kitana."

Alimsuka mistari minane siku hiyo, mmoja umepinda. Ejemen alikaa nayo hivyohivyo wiki nzima.

Ilipofika Oktoba alikuwa amerudi kwenye kikaango. Lakini garri ilikaa ndani ya magunia. Hakuna aliyenunua. Kabla ya kuugua, familia ilikuwa ikitegemea takriban naira 45,000 kwa wiki kutoka kwenye garri hiyo. Sasa walikuwa wanaishi kwa pikipiki peke yake, na Eromosele naye kuna abiria waliokuwa wakishuka njiani wakigundua yeye ni nani.

Bi. Omozele alivumilia mpaka siku moja ya soko. Asubuhi hiyo alivaa kitenge chake cha sikukuu, akajifunga kilemba.

"Jitwike garri yako," alimwambia binti yake. "Tunakwenda."

"Mama, hawatanunua."

"Sijasema wanunue. Nimesema tunakwenda."

Waliketi mahali palepale. Saa moja ikapita, saa mbili. Soko lilipojaa, Bi. Omozele alitoa ndani ya kikapu bakuli la bati, chupa ya maji baridi, njugu za kukaanga na vipande vya sukari.

"Nichotee," alisema.

Ejemen akamchotea. Mama akamwaga maji, akaacha garri ivimbe, akatupia njugu. Kisha akasimama. Katikati ya soko, mwanamke aliyefiwa, ambaye kila mtu pale alimjua na kila mtu alikuwa amekwenda kumpa pole, akaanza kula garri ya binti yake kwa kijiko, taratibu, kama mtu aliye nyumbani kwake. Watu wakaanza kupunguza mwendo. Kuna waliosimama.

Alipofika nusu ya bakuli alimgeukia muuza samaki.

"Wewe. Nani kafiwa hapa, mimi au wewe?"

Muuza samaki alikwepa macho. "Wewe, Mama."

"Ofure alitoka tumboni kwa nani?"

"Kwako, Mama."

"Basi mimi ninayemlilia Ofure ninakula kwa mkono wa dada yake. Wewe unayemlilia kwa mdomo, unaogopa nini?" Akanyoosha bakuli. "Garri imepita motoni, na huyu ana cheti cha daktari. Wewe una cheti cha nini?"

Mtu mmoja alicheka, kisha mwingine. Muuza samaki aliwafunika samaki wake. Halafu akaja akachukua kijiko.

Ejemen anasema hakusikia maneno mengi ya siku hiyo. Kelele za soko zilikuwa zinamchanganya. Aliona tu. "Nilimwona mama yangu amesimama na bakuli, na watu wamemzunguka. Nikadhani wanamtukana, nikainuka nikampiganie. Nikakuta wanapanga foleni."

Debe mbili ziliisha kabla ya saa sita mchana. Wiki mbili baadaye Bi. Iyobosa alirudi kutoka Benin. Alishuka kwenye gari, akatembea moja kwa moja bila kusimama hatua tano, akamshika Ejemen mikono yote miwili.

"Nilikosea," alisema. "Nipe magunia manne."

"Matano," alijibu Ejemen. "Moja la usumbufu."

Alichukua matano. Leo anachukua kumi na mawili.

Banda limekua kwa namna ambayo Ejemen hakuipanga. Mwanamke wa kwanza aliyemwajiri alikuwa amepona Lassa na kufukuzwa kwenye nyumba ya kupanga. Wa pili alikuwa mjane wa ugonjwa huohuo. Leo kati ya wanawake kumi na mmoja, wanne ni waliopona. Wanatoa magunia thelathini kwa wiki. Muhogo hauanikwi tena kando ya barabara. Unakaushwa juu ya meza ndefu zenye wavu, na garri inalala kwenye mapipa yenye vifuniko vya kubana. Paka watatu wana kazi ya kudumu.

Mwezi Machi mwaka huu wauza garri wa soko walimchagua kuwa mwenyekiti wao. Aliyependekeza jina lake ni muuza samaki, ambaye hata si mwanachama. Walimruhusu.

Kuna siku bado zinakuwa nzito. Februari ni ngumu. Siku ya kuzaliwa ya Ofure, Ejemen hakaangi. Yeye na mama yake wanakwenda kwenye kaburi lake, ambalo sasa lina saruji na jina, wanakaa hapo wakisimuliana mambo ya kipuuzi. Bi. Akhabue bado anakuja, mara moja kila baada ya miezi mitatu. Wakati mwingine hawazungumzi ugonjwa kabisa. Anaondoka na garri.

Lakini kila Alhamisi, Ejemen anavua aproni yake saa nne, Eromosele anawasha pikipiki, na wanakwenda hospitali. Huko anakutana na waliolazwa, akiwa upande wa nje wa dirisha, kwa ruhusa ya wauguzi. Mumewe anakaa na ndugu za wagonjwa kwenye benchi na kuwaeleza makosa yake mwenyewe, ili wasiyarudie. Anasema kwamba kila mara akifika kwenye habari za Lagos, kuna mtu mmoja kwenye benchi anayeinamisha kichwa.

Hapo dirishani ndipo kilipo kikwazo kinachomsumbua Ejemen sasa. Wagonjwa wa Lassa wana koo bovu. Hawasemi kwa sauti, wananong'ona. Naye hasikii minong'ono. Amejaribu kuwapa daftari waandike, lakini wengine mikono inatetemeka, na wengine hawajui kuandika.

Ijumaa ijayo atasafiri kwenda Benin kufungiwa kifaa cha kusaidia sikio la kulia. Bei yake ni naira 380,000. Wanawake wa banda wametoa sehemu, yeye ametoa iliyobaki. Mama yake anakwenda naye, ingawa hakualikwa.

"Atamdanganya daktari kwamba anasikia vizuri ili awahi kurudi kwenye muhogo," Bi. Omozele anaeleza.

Ejemen anaweka kibuyu chini. Garri ya kikaango cha kwanza imeiva. Anasimulia habari za mwanamke aitwaye Ebehi, muuza mikate, aliyelazwa Januari. Alhamisi moja Ebehi alimwita kwa kidole dirishani, akasogeza midomo. Ejemen hakusikia kitu. Akaweka sikio kwenye kioo. Bado hakusikia. Mwanamke yule alikuwa akimtazama kwa macho ya kusubiri, na Ejemen hakuwa na moyo wa kumwambia arudie mara ya tatu. Akatikisa kichwa kumwitikia. Ndiyo.

Ebehi alipona. Alikuja Idumuebo kumshukuru, na Ejemen akamuuliza siku ile alisema nini.

"Akaniambia, 'Nilikuuliza kama kuna mtu wangu yeyote huko nje. Ukasema ndiyo. Nikaamua kula.'"

Ejemen anafuta jasho kwa kiwiko.

"Mume wake alikuwa kwenye benchi, ni kweli. Lakini mimi sikujua, nilibahatisha," anasema. "Alhamisi ya baada ya Benin, nataka mtu akiniuliza, nisikie. Nigeuke nitazame benchi. Na kama hakuna mtu pale, nipande pikipiki nikamlete."